Miaka kumi na minne bila mtoano: Buffalo Sabres wanatuuzia matumaini yale yale

Mleta uzi (Dodoma):

Ndugu zangu wa jukwaa la michezo, najua kwamba wiki hii mazungumzo ya nchi nzima, kuanzia vijiwe vya kahawa vya Majengo hadi korido za Mtumba, ni dabi ya Kariakoo ya Juni 25, 2025, na ubingwa wa nne mfululizo wa Yanga, na anayeleta habari za hoki ya barafuni wakati kama huu anajitafutia kejeli. Hata hivyo, wiki hiyo hiyo timu ninayoishabikia, Buffalo Sabres ya Marekani, ilimwachia JJ Peterka aende Utah, nami nimeshindwa kunyamaza. Peterka ana umri wa miaka 23. Katika msimu uliokwisha wa 2024/25 alifunga mabao 27 na kutoa pasi za mabao 41, na katika timu yoyote yenye akili mchezaji wa namna hiyo ndiye anayejengewa kikosi. Sisi tumempeleka Utah, tukapokea beki Michael Kesselring na winga Josh Doan, kisha tukaambiwa kwamba kikosi sasa kina uwiano mzuri zaidi.

Kwa wasioufahamu mchezo huu, maelezo ni mafupi. Kila upande huingiza watu sita barafuni, golikipa akiwa mmoja wao, wanasukuma kwa magongo kisahani kigumu cha mpira kiitwacho paki, na mchezo una vipindi vitatu vya dakika ishirini. Ligi yao, NHL, ina timu 32, na kila timu hucheza michezo 82 kabla ya timu 16 kuingia katika mtoano wa kuwania Kombe la Stanley. Naomba muitazame hesabu hiyo kwa makini: nusu nzima ya ligi inaingia katika mtoano, na bado Sabres hawajaingia tangu Aprili 2011, walipotolewa na Philadelphia katika mchezo wa saba. Hiyo ni misimu kumi na minne. Hakuna timu nyingine katika historia ya ligi hiyo iliyowahi kukaa nje muda mrefu kiasi hicho. Rekodi ya awali ilikuwa misimu kumi, nasi tuliivunja mwaka 2022 bila hata kuona haya. Mtoto aliyezaliwa Aprili ile sasa yuko sekondari.

Niliwapenda nilipokuwa masomoni katika jimbo la New York, enzi za Daniel Brière na Chris Drury, wakati timu ilipofika nusu fainali mara mbili mfululizo, mwaka 2006 na 2007, na katika msimu wa 2006/07 ikaongoza ligi nzima kwa pointi. Kisha ikaja Julai 1, 2007. Siku hiyo moja manahodha wetu wote wawili waliondoka wakiwa wachezaji huru, Brière akaenda Philadelphia na Drury akaenda New York Rangers, na klabu haikupata hata senti. Wengi huanza kuhesabu balaa letu mwaka 2011, lakini mimi nadhani mfano mbaya uliwekwa siku ile, kwa sababu ndipo uongozi ulipoonyesha kwamba unaweza kumtazama mtu wake bora akitoka mlangoni na kesho yake ukafungua ofisi kama kawaida.

Februari 2011 akaja mmiliki mpya, Terry Pegula, bilionea wa gesi asilia, akainunua klabu kwa dola milioni 189 kama ilivyoripotiwa. Siku ya kutambulishwa alitokwa na machozi hadharani alipomwona Gilbert Perreault, nyota wa kwanza wa klabu hii iliyoanzishwa mwaka 1970, na akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo sababu pekee ya Sabres kuwepo ni kutwaa Kombe la Stanley, kombe ambalo klabu haijawahi kulitwaa, ingawa ilicheza fainali mwaka 1975 na 1999. Tulimwamini. Mtu mwenye fedha, anayelia kwa mapenzi ya timu, ungemkataa kwa lipi? Miezi miwili baadaye timu ikacheza mtoano wake wa mwisho, na tangu hapo tumepitia makocha wasiohesabika kwa vidole vya mkono mmoja: Lindy Ruff akafukuzwa, wakafuata Ron Rolston, Ted Nolan, Dan Bylsma, Phil Housley, Ralph Krueger na Don Granato, na mwaka 2024 akarudishwa Lindy Ruff yule yule aliyefukuzwa mwaka 2013.

Mwaka 2013 uongozi uliamua kubomoa na kujenga upya, na hapa ndipo naomba mnisikilize kwa utulivu, kwa sababu jambo hili ni geni kwa mtu aliyekulia katika soka letu. Katika NHL hakuna kushuka daraja. Timu inayoshika mkia haipelekwi popote. Badala yake hupewa nafasi nzuri zaidi ya kuchagua chipukizi bora wa mwaka, kwa njia ya bahati nasibu ambayo uzito wake huegemea timu dhaifu. Msimu wa 2014/15 chipukizi aliyekuwa akisubiriwa na dunia nzima ya hoki alikuwa Connor McDavid, na Sabres walikusanya kikosi ambacho kila mwenye macho aliona kwamba hakikukusanywa ili kishinde. Machi 2015, Arizona walipofunga bao la ushindi katika muda wa nyongeza ndani ya uwanja wetu wenyewe, sehemu ya mashabiki wetu walishangilia, kwa kuwa Arizona nao walikuwa wakiwania mkia. Wachezaji wetu waliyasikia makofi yale. Tulimaliza wa mwisho kama ilivyopangwa, bahati nasibu ikachezeshwa, na Edmonton, waliokuwa na nafasi ya asilimia 11.5 tu, wakamchukua McDavid. Sisi tukapata wa pili, Jack Eichel. Edmonton wamecheza fainali mbili mfululizo, mwaka 2024 na 2025.

Eichel alikuwa mchezaji mkubwa, sina ubishi. Shida haikuwa yeye. Shida ni kwamba timu iliyofundishwa kushindwa kwa makusudi msimu mzima haiwezi kuamka Oktoba inayofuata ikiwa imesahau somo hilo. Aprili 2018 mchezaji wetu Ryan O'Reilly alisema mbele ya waandishi kwamba chumba cha wachezaji kilikuwa kimeanza kuona kushindwa ni kawaida, na kwamba yeye mwenyewe kuna nyakati alipoteza mapenzi ya mchezo. Kiongozi mwenye busara angemwita mtu huyo ofisini na kumuuliza tufanye nini. Sisi tulimpeleka St. Louis ilipofika Julai 1, na mwaka uliofuata, 2019, St. Louis wakatwaa kombe na O'Reilly akachaguliwa mchezaji bora wa mtoano.

Sasa fuateni orodha, kwa maana hapa ndipo hasira yangu ilipo. Mwaka 2021 golikipa Linus Ullmark aliondoka akiwa huru, akaenda Boston, na mwaka 2023 akapewa tuzo ya golikipa bora wa ligi. Julai 2021 mshambuliaji Sam Reinhart alipelekwa Florida. Eichel, aliyeumia shingo Machi 2021, alitaka upasuaji wa kuwekewa diski bandia. Klabu ikakataa, mvutano ukadumu miezi, akavuliwa unahodha, na Novemba 2021 akapelekwa Vegas, ambako alifanyiwa upasuaji ule ule alioutaka. Juni 2023 fainali ikawa kati ya Vegas na Florida, yaani Eichel upande huu na Reinhart upande ule, nasi tuliowalea wote wawili tukitazama kwenye skrini. Eichel akatwaa kombe akiwa ameongoza wachezaji wote wa mtoano kwa pointi, yaani jumla ya mabao na pasi za mabao. Mwaka 2024 Florida wakarudi, na bao lililoamua mchezo wa saba dhidi ya Edmonton likafungwa na Reinhart. Mwezi huu wa Juni 2025 Florida wamelitetea kombe lao, na katika mchezo wa mwisho Reinhart alifunga mabao manne. Manne, ndugu zangu, katika mchezo mmoja wa fainali.

Msimu huu wetu wenyewe ulikuwaje? Ulianzia Prague kwa kupoteza michezo miwili dhidi ya New Jersey. Desemba 3 tuliongoza kwa mabao manne kwa sifuri dhidi ya Colorado, katika kipindi cha kwanza, nyumbani, kisha tukafungwa matano kwa manne. Mchezo ule uliangukia ndani ya mfululizo wa michezo kumi na mitatu bila ushindi. Mmiliki alisafiri hadi Montreal kuzungumza na wachezaji, na jioni ile ile wakafungwa sita kwa moja. Meneja mkuu Kevyn Adams, alipoulizwa kwa nini wachezaji wazuri hawataki kuja, alijibu kwamba Buffalo haina michikichi na kwamba kodi za New York ni kubwa. Mashabiki wakaanza kwenda uwanjani na michikichi ya plastiki. Tulimaliza na pointi 79.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii, na ninaileta ili ipingwe: Sabres hawana upungufu wa vipaji, na hawajawahi kuwa nao katika miaka hii kumi na minne. Wamepata nafasi ya kwanza ya kuchagua chipukizi katika ligi nzima mara mbili, Rasmus Dahlin mwaka 2018 na Owen Power mwaka 2021. Kinachowakosesha mtoano ni kwamba kila kizazi kinapokaribia umri wa kushinda, uongozi unakichoka, unakiuza kwa bei ya chini, na kuanza na watoto wengine, kwa sababu katika ligi isiyo na kushuka daraja mmiliki haadhibiwi kwa kuanza upya. Thamani ya klabu inapanda hata timu ikishika mkia. Peterka ni jina jipya tu katika orodha ya zamani.

Mwalimu wa Ipagala:

Mkuu, nimeusoma uzi wako wote na nimejifunza mengi, lakini naona umeandika kwa uchungu kuliko kwa mizani. Umetaja waliotoka na makombe yao, ila hukutaja waliokuja kwa sababu ya kutoka kwao. Ukifuatilia utaona kwamba Tage Thompson alitoka St. Louis katika mabadilishano yale yale ya O'Reilly, na msimu huu amefunga mabao 44; tena Mei mwaka huu ndiye aliyeifungia Marekani bao la ubingwa wa dunia dhidi ya Uswisi katika muda wa nyongeza. Alex Tuch alitoka Vegas kwa ajili ya Eichel. Je, hao si wachezaji?

Halafu kuna jambo la bahati ambalo umelipita upande. Msimu wa 2022/23 walimaliza na pointi 91 wakati Florida waliingia na 92, na Florida hao hao ndio waliokwenda hadi fainali. Pointi moja! Laiti paki moja ingegonga mwamba na kuingia ndani katika usiku wowote ule wa majira ya baridi, uzi huu usingekuwapo, na wewe ungekuwa unatuandikia sifa za kocha Granato. Timu hii ni miongoni mwa timu zenye vijana wengi zaidi katika ligi. Vijana hupewa muda.

Mleta uzi:

Mwalimu, nashukuru kwa changamoto. Thompson nilimwacha makusudi kwa sababu ndiye ushahidi wangu mkubwa, wala si wako. St. Louis walimtoa akiwa mtoto, hapa akapita misimu ya majeraha na ya kupelekwa timu ya akiba, kisha akaachwa akakomaa, na alipofika miaka 24 akaanza kufunga kama mvua. Hivyo ndivyo inavyopasa kuwa kwa wote. Yeye ndiye aliyeachwa abaki, na ndiye anayetubeba.

Kuhusu pointi moja ya 2023, nakubali kwamba ilikuwa karibu. Lakini ulizia kilichofanyika kiangazi kile kwa timu iliyokosa kwa pointi moja. Timu nyingine ingeongeza golikipa mzoefu. Sisi tuliingia msimu wa 2023/24 tukimtegemea Devon Levi langoni, kijana aliyetoka chuoni miezi michache tu nyuma, na kabla Krismasi haijafika mambo yalikuwa yameharibika. Kocha akafukuzwa Aprili 2024. Nafasi ile ya pointi moja haikurudi, kwa kuwa hakuna aliyeishika mkono ilipopita.

Na hilo la vijana, Mwalimu, lina ukomo wake. Mwaka 2014 tuliambiwa timu ni changa. Mwaka 2019 tukaambiwa timu ni changa. Mwaka 2025 bado ni changa. Timu inawezaje kuwa changa kwa miaka kumi na mmoja, kama si kwamba wanaokua wanaondolewa?

Binti wa Kondoa:

Kaka, mimi hoki siifahamu, lakini naifahamu Yanga, na nimeumia nayo. Kuanzia msimu wa 2017/18 hadi 2020/21 Simba walitwaa ubingwa mara nne mfululizo, na kila aliyekuwa upande wetu anakumbuka tulivyoishi mitaani. Misimu minne tu, tena tukishika nafasi za juu, na wanachama walikuja juu, viongozi walihojiwa, mikutano ikaitishwa, katiba ikabadilishwa, na uongozi ukapatikana kwa kura. Swali langu ni hili: mashabiki wa Buffalo wana kura gani? Mbona miaka kumi na minne hawajamwondoa huyo mzee wa gesi?

Mleta uzi:

Dada, hawana kura hata moja, na hapo umegusa mzizi. Klabu ile ni mali ya mtu, kama shamba au duka lilivyo mali ya mtu. Hakuna mkutano mkuu wa wanachama wala mwanachama mwenyewe. Shabiki ana silaha moja, nayo ni kutonunua tiketi, na kwa kweli wengi wameitumia: uwanja wao unaobeba watu zaidi ya 19,000 umekuwa na viti vitupu vingi katika miaka hii. Lakini fungu kubwa la mapato ya televisheni hugawanywa kwa timu zote 32, na thamani ya klabu huuzwa pamoja na nafasi yake katika ligi, nafasi ambayo haipotei hata ukifungwa michezo yote 82. Isitoshe, Pegula anamiliki pia Buffalo Bills, timu ya futiboli ya Kimarekani aliyoinunua mwaka 2014, na Bills wanashinda. Mji mzima unamhitaji mtu huyo kwa jambo moja hata unapomchukia kwa jambo jingine, na nadhani hilo limemkinga kuliko watu wanavyokiri.

Dodoma Jiji wakicheza vibaya hapa Jamhuri, kila mtu kuanzia mkurugenzi hadi mshika bendera anajua kwamba mwisho wa msimu kuna Ligi ya Championship inawasubiri. Hofu ile inawafanya viongozi wetu wakosee, nakubali, wanafukuza makocha ovyo. Lakini inawafanya walale macho.

Mtu wa Manyoni:

Nasimama na meneja aliyesema habari za michikichi, ingawa alichekwa. Hebu tazameni mabingwa wa miaka ya karibuni: Tampa Bay mwaka 2020 na 2021, Colorado mwaka 2022, Vegas mwaka 2023, Florida mwaka 2024 na 2025. Ukimwondoa Colorado, wote wanatoka majimbo ambayo hayatozi kodi ya mapato ya jimbo. Ligi imeweka ukomo wa mishahara, dola milioni 88 kwa kila timu msimu huu uliopita, kwa hiyo mchezaji anayelipwa dola milioni nane Florida anabakiwa na fedha nyingi kuliko anayelipwa hizo hizo New York, na jua juu yake. Mfanyakazi yeyote aliyewahi kukatwa kodi ya mshahara anaielewa hesabu hii bila kufundishwa. Mji wenyewe una theluji na watu wasiofika laki tatu, wakati Jiji letu la Dodoma katika Sensa ya 2022 lilizidi laki saba na nusu. Nani aende huko kwa hiari?

Mleta uzi:

Ndugu wa Manyoni, umeleta hoja nzito kuliko zote hadi sasa, na sehemu yake ni kweli. Faida ya kodi ipo. Lakini iweke mbele ya majina haya mawili. Winnipeg, mji wa Kanada wenye baridi inayozidi ya Buffalo, usio na mchikichi hata mmoja na wenye kodi za Kanada, umemaliza msimu wa 2024/25 ukiwa wa kwanza katika ligi nzima kwa pointi 116, na golikipa wake Connor Hellebuyck alisaini kubaki huko. Edmonton, ambako jua la Desemba huzama kabla watu hawajatoka kazini, wamecheza fainali mbili mfululizo. Hakuna anayedai kwamba Winnipeg ni pwani. Wachezaji hubaki pale wanapoona kwamba timu inakusudia kushinda.

Na hata ukomo huo wa mishahara, Sabres hawakuufikia msimu uliopita. Walimvunjia mkataba Jeff Skinner Juni 2024, wakakubali kumlipa fedha za kutochezea timu yao, kisha wakaacha mamilioni mengine bila kuyatumia. Kodi haikuwazuia kutumia kilichobaki mfukoni. Skinner mwenyewe alikwenda Edmonton, na Aprili mwaka huu, baada ya michezo zaidi ya 1,000 ya ligi, akacheza mtoano kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Mzee wa Kizota:

Vijana, mimi hoki niliyoijua ni ile ya nyasi, mpira wa magongo, iliyochezwa Dar es Salaam enzi zetu. Mwaka 1980 Tanzania tulikwenda Olimpiki ya Moscow kwa mchezo huo, na India walitufunga mabao kumi na nane kwa sifuri. Tulimaliza wa mwisho. Wengi hamjui hata kama tuliwahi kwenda, kwa sababu mwaka ule nchi ilikuwa inashangilia medali za fedha za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui. Nasema hivi ili mleta uzi ajue kwamba kuna kufungwa kwa sababu huna, na kuna kufungwa wakati unacho. Sisi hatukuwa na kitu. Tulikwenda kuziba nafasi za waliosusia. Hawa wa Buffalo wana fedha, wana watoto wenye vipaji, na wanafanana na mkulima wa Hombolo anayeng'oa mizabibu kila inapokaribia kuzaa, kisha anakwenda kuomba miche mingine.

Ninaloliuliza ni kuhusu huyo kocha aliyerudishwa. Mtu aliyefukuzwa mwaka 2013 akarudi mwaka 2024, amebadilika nini?

Mleta uzi:

Shikamoo mzee wangu. Umesema katika sentensi moja kile nilichokizungushia maneno mengi, na mfano wa Hombolo nitauazima.

Ruff simlaumu sana. Ndiye aliyewafikisha fainali ya 1999, wakiwa na golikipa Dominik Hašek ambaye miaka miwili mfululizo, 1997 na 1998, alitunukiwa kuwa mchezaji bora wa ligi nzima, heshima ambayo magolikipa huipata kwa nadra. Fainali ile ilimalizwa na bao la Brett Hull wa Dallas katika kipindi cha tatu cha nyongeza, huku mguu wake ukiwa ndani ya eneo la golikipa kinyume na jinsi kanuni ya msimu ule ilivyokuwa ikitafsiriwa, na wazee wa Buffalo hadi leo wanakataa kuliita bao. Basi mtu kama huyo ana mamlaka mbele ya wachezaji. Lakini kumrudisha kunaonyesha kwamba mmiliki anapoishiwa na mawazo hukimbilia kumbukumbu. Alimhitaji mtu atakayewatuliza mashabiki, akampata. Langoni hakubadilisha kitu: Ukko-Pekka Luukkonen aliyepewa mkataba wa miaka mitano mwaka 2024 aliokoa chini ya asilimia 89 ya mashuti msimu huu, na katika hoki ya leo kiwango hicho hakiwapeleki watu katika mtoano hata kocha awe nani.

Mwalimu wa Ipagala:

Nimekuelewa zaidi sasa, mkuu, ingawa bado nadhani unaikuza mno nafasi ya mmiliki. Niambie basi, bila hasira: ni kitu gani kimoja ambacho kikifanyika utakubali kwamba wamebadilika? Usiniambie kombe. Niambie kitu kinachoweza kuonekana kabla ya mwaka mwingine kwisha.

Mleta uzi:

Alex Tuch. Mkataba wake unaisha mwishoni mwa msimu ujao wa 2025/26. Alikulia karibu na Syracuse, mwendo wa saa mbili na ushee kutoka Buffalo, akiwashabikia Sabres tangu utotoni, na alipoletwa katika mabadilishano ya Eichel alikuwa miongoni mwa wachache waliosema wazi kwamba wamefurahi kuja. Anafunga, anazuia, anazungumza na waandishi timu inapofungwa, na hajawahi kuulizia michikichi. Umri wake ni miaka 29, kwa hiyo atataka mkataba mrefu na ghali, na wataalamu wa hesabu watasema kwamba si busara kumlipa mtu wa umri huo kwa miaka mingi. Watakuwa na sababu zao. Kwa O'Reilly pia walikuwa na sababu zao, na kwa Reinhart pia walikuwa na sababu zao.

Wakimsainisha kabla ya msimu kuanza, nitaufungua uzi mwingine hapa hapa na kuandika kwamba Mwalimu wa Ipagala aliona mbali. Wakimwacha aingie Machi bila mkataba mpya, halafu wakampeleka Florida au Vegas siku ya mwisho ya usajili kwa kubadilishana na kijana wa miaka 20 anayesemekana ana kipaji, basi nawaomba msiniulize matokeo tena. Michezo yao ya majira ya baridi huanza saa tisa usiku kwa saa za hapa, na mimi saa mbili asubuhi natakiwa niwe ofisini Mtumba.